Imesambazwa Mara Nyingi

Jumanne

Leo Bibi kaniumbua, mimi profesa wa simu Mafiga nzima!

Nilimpa mdogo wangu Zuhura ujumbe wa kwenye grupu aandikie insha ya shule: eti makaburu hawakumtesa mtu mweusi. Juu yake pana maneno "imesambazwa mara nyingi". Nikadhani ndiyo muhuri wa ukweli.

Bibi zamani aliwafulia wakimbizi wa Afrika Kusini pale Mazimbu. Alipomsikia Zuhura akiusoma ujumbe ule, akauliza, "Kaandika nani?"

"Watu wengi, Bibi."

"Hao wametuma tu, mume wangu. Mimi nilimfulia kijana asiyevua shati mbele za watu. Siku alipovua, mgongo wote makovu."



Zuhura kafuta yote, anaandika upya, na kaanza na jina la Bibi. Profesa nimebaki kuchonga penseli yake.