Miezi Mitano Niliyokuficha Habari za Mjomba

Nyumbani kwa Mjomba,
Chumba cha mbele,
Jumapili alasiri, tarehe kumi na saba.

Mpendwa mdogo wangu Skrubu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Kama zimekukuta na hasira, zikae pembeni zisubiri mpaka utakapokuwa tayari kuzipokea. U mzima? Kile kifua cha wakati wa baridi kimekuachia? Unakula chakula cha maana, au bado unashindia chai na mkate kama enzi za shule? Mimi sijambo, ila usingizi umenihama. Mgongo wa kuinamia cherehani ni ule ule, nimeshauzoea kama jirani mwenye kelele. Shemeji yako na wanangu wote wazima.

Tangu tumzike Mjomba nimekupigia simu mara nyingi, hupokei. Sikulaumu. Mara ya mwisho uliyopokea uliniuliza swali moja tu, "Dada, ulijua?" Nikanyamaza, ukakata. Nami nilielewa kwamba kule kunyamaza umekupokea kama jibu. Basi nimeona niandike, maana barua haikatwi katikati. Ukiichoka utaiweka mezani, kesho utaiokota.

Ndiyo, nilijua. Nilijua kwa miezi mitano.

Ilianza na bomba la jikoni. Mjomba alinipigia akaniomba nimtafutie fundi bomba, eti bomba linavuja. Nikacheka, nikadhani ananitania. Mtu aliyetengeneza saa za watu miaka arobaini, aliyetulea mimi na wewe tangu mama atutoke, na hatukuwahi kuona fundi mwingine akivuka kizingiti cha nyumba hii, leo anaita mtu wa kumbadilishia kijipira cha bomba? Jioni ile ile nikaja. Nikamkuta amekaa kitandani, miguu imevimba hata viatu havimwingii. Ndoo ya jikoni imejaa inamwagika. Mlango wa bafu umechomoka bawaba, kaufunga kwa waya. Bati la juu ya meza yake ya kazi lilikuwa limetoboka, naye kaweka sufuria kukinga maji katikati ya zile ndege zake za mfano, za kurusha kwa rimoti, kila ndege kaivika mfuko wa nailoni kichwani kama bibi anayekimbia mvua asiharibu nywele.

Nilimgombeza, Mungu anisamehe. Nikamwambia ameacha nyumba iozee mikononi mwake. Akasema, "Mikono ndiyo imeoza, mwanangu. Nyumba inafuata."

Kesho yake nikampeleka hospitali. Daktari, dada mmoja mpole mwenye miwani, alituambia kwamba moyo umepanuka na umechoka. Dawa zitampunguzia maji mwilini na kumpa nafuu, lakini moyo hautarudi kuwa ulivyokuwa. Nilipomfuata pembeni nikamuuliza muda, aliniambia tuhesabu miezi, tusihesabu miaka.

Tulikuwa bado kwenye benchi la kusubiria dawa Mjomba aliponishika mkono. "Skrubu asijue," akasema.

"Mjomba, yule ni mtoto wako."

"Ndiyo maana asijue. Kazi ndiyo kwanza ameianza. Akisikia ataacha kila kitu aje kukaa hapa anitazame nikihema. Mimi nazijua ndege. Kupanda ni shida, kushuka ni dakika moja. Niahidi."

Nikaahidi. Nilidhani ni ahadi ya wiki mbili tatu, mpaka apate nafuu nimbembeleze. Lakini ahadi nayo ina tabia ya deni la dukani: ukishalala nayo siku nyingi, unaona aibu hata kupita mbele ya duka.

Nikahamia hapa na cherehani yangu. Bomba nililibadilisha kijipira mwenyewe, yeye akinielekeza kutoka kwenye kiti. Bawaba za mlango nikazifunga upya. Bati alipanda Kepteni kulibadilisha. Unamkumbuka Kepteni, yule rafiki wa Mjomba aliyestaafu udereva wa lori. Akiwa juu ya paa na tumbo lile, sote chini tulishika roho mkononi, na Mjomba akampigia kelele, "Ukianguka, angukia kwako, hapa kuna ndege!" Siku hiyo alicheka mpaka akakosa pumzi, nikaogopa.

Ndege ndizo zilizomweka hai, nadhani. Kila Jumapili asubuhi Kepteni na mwenzao Fundi Redio walikuja kumchukua wakaenda naye kwenye kile kiwanja nyuma ya shule iliyofungwa. Zamani nilikuwa nikiwaona wazee watatu na mvi zao wakishangilia kipande cha mbao kinachopiga kelele kama nyuki, nasema moyoni, uzee nao una vituko. Sasa nilianza kwenda nao, nimebeba kiti chake. Nikaelewa. Pale hakuna aliyemuuliza anaendeleaje. Walimuuliza upepo unatoka wapi.

Alikuwa ameanza ndege kubwa, kubwa kuliko zote alizowahi kutengeneza. Mabawa yake mawili ukiyaunga ni marefu kunizidi mimi. Kila bawa lilitaka mbavu kumi na sita za mbao nyepesi, ile inayokatika kama mkate mkavu, na kila ubavu ukatwe sawasawa na mwenzake. Ubavu wa nne ukamshinda. Yule Mjomba aliyekuwa akiokota springi ya saa ya kike kwa kibanio bila kupumua, aliangusha pini moja mara tatu mbele yangu. Mara ya nne hakuiokota. Aliitazama pale sakafuni, halafu akasukuma wembe upande wangu wa meza.

"Wewe unakata nguo," akasema. "Kata na hii."

Basi nikawa mikono yake. Asubuhi nashona sketi za watu, mchana nakata mbavu za ndege. Alinifundisha kupiga msasa kwa mkono mwepesi, kupaka gundi kidogo, na kusubiri. Kusubiri ndiko kulikonishinda. "Gundi haina haraka," alikuwa akisema, "wewe unakimbilia wapi?" Mabawa nikayavika bitana nyepesi iliyobaki kwenye gauni la harusi la mteja wangu mmoja. Mdogo wangu, zile zilikuwa siku nzuri. Ndicho kinachoniuma zaidi. Ulizikosa, na mimi ndiye niliyekufanya uzikose.

Sasa nikuambie kosa langu la pili. Ndege ilipokaribia kwisha, nilitaka ing'ae. Yeye amelala, nikapaka vanishi bawa la kushoto. Nikaona limependeza, nikarudia, nikarudia tena. Vanishi ikaisha, la kulia likapata mkono mmoja tu. Siku ya kuirusha, pale kiwanjani, aliniuliza kama nimepima kuona mabawa yote mawili yana uzito sawa. Kwa kawaida angepima mwenyewe, lakini siku hiyo kusimama tu kulimtoa jasho. Nikasema nimepima. Sikuwa nimepima. Niliogopa ataiahirisha, na mimi nilikuwa nahesabu Jumapili zilizobaki.

Ilipaa, ikapita juu ya ukuta wa shule, tukapiga makofi. Kepteni alipoikunjisha kona, ikalalia upande wa kushoto, ikakataa kuinuka. Kepteni alihangaika na rimoti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ikaja chini kwa bawa, na ule mlio nimeusikia siku nyingi baadaye nikiwa nashona.

Nilianza kulia palepale. Nikamwambia ukweli wote, vanishi na uongo. Wale wazee wawili wakageuka pembeni kama wanaotazama mawingu. Mjomba aliniacha nilie, halafu akasema, "Imevunjika, haijafa. Kilichovunjika kinaungwa. Okota vipande vyote, usiache hata kimoja."

Tukaanza upya bawa la kushoto. Hapo ndipo ulipopiga ile simu ya dakika nyingi. Najua unaikumbuka, maana uliniambia siku ile kwamba sauti yake ilikuwa na nguvu. Nikuambie ilivyokuwa. Alikuwa amelazwa kwenye mito mitatu kwa sababu hakuweza tena kulala chali. Alipoona jina lako kwenye simu akanionyesha kwa mkono nimsimamishe. Nikamsimamisha, akaegemea dirisha, akavuta pumzi mara mbili, ndipo akapokea. Alikutania juu ya bomba la jikoni, alikuuliza habari za bosi wako, alicheka. Mimi nilikuwa nimemshika kiuno asianguke. Ulipoomba kuzungumza na mimi, alinipa simu huku ananitazama, na macho yake yalikuwa yanajaa maji. Ukaniuliza, "Mzee mzima kweli?" Nusura nikuambie. Nikasema, "Mzima, ila mguu unamsumbua kidogo." Ukasema nimnunulie soksi nzito.

Nilizinunua. Baada ya simu ile alilala siku mbili, hata uji alikataa.

Usiku na mchana nimejiuliza kama nilimtii yeye au nilijitii mwenyewe. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilijua ukija utaniuliza kwa nini sikukuambia mapema, na kila wiki iliyopita ililifanya swali hilo kuwa zito zaidi. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Hapa mgonjwa alificha, lakini kilio kimenifichua mimi.

Walimlaza wodini Ijumaa moja, bawa likiwa limebakiza mbavu tano. Wauguzi walimpenda, maana saa ya ukutani ya wodi ilikuwa imesimama siku nyingi, naye akawa anamwelekeza mfagiaji namna ya kuifungua. Siku ya nne ikaanza kutembea. Siku ya tano akafariki.

Tulipomaliza mazishi, Kepteni na Fundi Redio walikuja hapa na mbao zao, wakakaa mezani. Tukamaliza zile mbavu tano, watu watatu kwa kazi ya mtu mmoja. Safari hii nilipima mabawa mara sita. Jumapili iliyopita tuliirusha. Ilipaa vizuri, haikuyumba, ikazunguka kiwanja kama inayokijua, ikatua bila kuruka hata mara moja. Hakuna aliyeshangilia. Fundi Redio alijifanya anatafuta kitu mfukoni, akatafuta muda mrefu.

Mdogo wangu, limebaki jambo moja. Nililiandika nikalichana, nikaandika tena. Shemeji yako amenishauri nilinyamazie, kwamba halitakusaidia kitu. Lakini nimeshajionea mwenyewe kunyamaza kunazaa nini, na sitakuficha tena.

Siku aliyofariki, saa tatu asubuhi, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake. Alikuwa na akili zake zote. Akaniambia, "Mpigie Skrubu."

Nikamuuliza, "Sasa hivi, Mjomba?"

"Sasa hivi."

Nikapiga kwa simu yangu, nikamwekea sikioni, nikamshikia. Ikaita mpaka ikakatika yenyewe. Nikataka kurudia, akaninyanyulia kidole kunizuia. "Yuko kazini," akasema. "Mwache afanye kazi." Alivyolisema hilo neno kazini, ungedhani anamtajia mtu cheo. Akaniomba nimgeuze alalie ubavu wa dirishani. Nikamgeuza. Haikutimia saa nzima.

Wewe uliiona simu yangu mchana, ukanipigia, nikakupa habari. Ulidhani ni mimi niliyekutafuta asubuhi ile. Haikuwa mimi. Alikuwa yeye.

Alitaka kukuambia nini, sijui, na sitakutungia. Labda alitaka kukuaga, labda alitaka kunifungua ile ahadi, labda alitaka kusikia sauti yako tu. Ninachojua ni kwamba hakukulaumu hata kwa jicho, na mimi nilikuwepo, nilimtazama usoni. Kwa hiyo na wewe usijilaumu hata siku moja. Kama kuna wa kulaumiwa, ni huyu anayekuandikia, kwa sababu kama ungejua hali yake, ile simu ungekuwa umelala nayo mkononi. Nisamehe. Kama bado huwezi, kasirika, lakini kasirika karibu nami. Pokea simu unitukane. Nitasikiliza mpaka mwisho.

Kepteni anakusalimu sana, Fundi Redio vile vile. Wanao, yaani wapwa zako, wanauliza kila siku mjomba wao atakuja lini, na sasa neno mjomba likitamkwa humu ndani sote tunashtuka kidogo kabla ya kukumbuka kwamba ni wewe. Shemeji yako anakukumbatia. Mpe salamu yule mama mwenye nyumba wako anayekupikia supu ukiugua, mwambie dada yako anamshukuru.

Mungu akulinde katika baridi hiyo, akupe afya, akuongezee subira, na wewe uniongezee mimi kidogo katika hiyo atakayokupa.

Ni mimi dada yako nikupendaye, mwenye kosa,
Dada Cherehani.