Vifuniko Vilivyobaki Koponi

Chumba Na. 15,
Jengo la Nyuma.
Ijumaa, 9 Mei.

Mpendwa Chiriku,

Hujambo, mwanangu? Watoto wamepona kikohozi? Sisi tu wazima. Goti la shangazi yako bado linamsumbua, lakini ulimi wake hauna maradhi. Jana alinisuta asubuhi nzima kwa kuunguza sufuria nikiwa nasoma.

Nilikwisha kukuandikia kwamba jengo letu linavunjwa. Kila Jumatatu msimamizi huja na kopo la rangi lenye vifuniko vya chupa, kila kimoja na namba ya chumba. Huchomoa viwili, wala havirudishwi. Wenye vyumba hivyo hupakiwa kwenye lori siku hiyo hiyo, kwenda tusikoambiwa. Tulikuwa vyumba ishirini. Baada ya wiki saba tulibaki sita. Wote walioondoka waliahidi kuandika. Sanduku la barua nalifungua kila siku. Hakuna aliyeandika.

Fundi cherehani wa chumba cha tisa hunicheka akiniona na penseli. "Mwalimu, mara saba tumepona," aliniambia. "Bahati imeshatuzoea." Nikamweleza kwamba kopo halimzoei mtu, linapungua tu. Jumatatu ya kwanza hatari ya kila chumba ilikuwa moja katika kumi. Sasa ni moja katika tatu. Akarudia kushona pindo alilokwisha kulimaliza.

Kilichoninyima usingizi ni hesabu nyingine. Mimi nilikuwa namba 14, shangazi yako 15. Nafasi ya kifuniko cha kwanza kutukosa sote wawili ni nne kati ya sita. Cha pili nacho kutukosa ni tatu kati ya tano, maana kimoja kimeshatoka. Zidisha: kubaki sote ni mbili kati ya tano. Kuondoka sote ni moja tu kati ya kumi na tano. Zinasalia nane kati ya kumi na tano, zaidi ya nusu, kwamba mmoja atapanda lori na mwenzake atabaki kwenye ngazi. Nimerudia mara tatu nikitamani niwe nimekosea.

Unajua tulivyompoteza baba yako njiani, wewe ukiwa mgongoni mwa shangazi yako. Kila mmoja wetu alidhani baba yako yuko na mwenzake.

Basi leo nimehamishia kitanda changu namba 15. Msimamizi amepokea ufunguo wangu na kutoa kifuniko changu. "Mzee, unajua sasa vimebaki vitano?" aliniuliza. Nilijua. Hatari ya kuchomolewa imepanda, ni mbili kati ya tano. Ya kutenganishwa haipo tena. Nilipomweleza shangazi yako alisema, "Basi usikorome."

Msalimie mkeo, wabusu watoto, na binamu yako mwashi umwambie nyundo yake ninayo bado. Mungu awafunike.

Barua zikikatika, usihangaike na anwani mbili. Tafuta moja.

Nikupendaye daima,
Baba yako mdogo