Mbuzi wa Niyibizi Chini ya Mialoni

Jumanne, 13 Mei 2025

Mjukuu wangu Kirezi amekuja kwangu Hopkins, hapa ughaibuni, na fomu ya halmashauri. Baba yake, mkwe wangu Niyibizi, anaomba kulisha mbuzi katika kipande cha msitu wa mialoni katika mji wa Savage. Kikao ni Jumatatu. Wakimkatalia, atawauza wote.

Katika fomu kuna neno 'silvopasture'. Nikauliza ni neno gani hili la viraka. Akacheka: malisho chini ya miti, Babu, chill! Wajumbe watataka kujua lilikotoka.

Chill, eti nitulie! Kwa mwalimu aliyefundisha miaka thelathini na minane! Nimemwambia aniachie.

Alhamisi, 15 Mei

Nimelipata! Silva ni msitu. Kilatini, nilikariri kwa fimbo nikiwa na miaka kumi na miwili. Nusu ya pili, 'pasture', nayo ilianzia Kilatini, katika kulisha mifugo, ikapita kwa Wafaransa, ndipo ikafika kwa Waingereza. Limehama nchi hadi nchi, kama sisi. Nimelidharau bure.

Ila Niyibizi ameacha wazi nafasi ya idadi ya mbuzi. Nikampigia simu. Baba, akasema, mifugo haihesabiwi, utaiitia hasara. Nikamjibu kwamba fomu yenye pengo haipiti.

Jumatatu, 19 Mei

Naandika nikiwa ukumbini, kiti cha nyuma.

Kirezi amelieleza neno lote. Wima, bila karatasi, kila sentensi ikafika mwisho wake! Mama mmoja mjumbe amesema amekulia shambani na hakuyajua hayo. Nimejikohoza, nisionekane ninavyovimba kwa fahari.

Kisha mwenyekiti: mbuzi ni wangapi? Niyibizi akatazama viatu vyake. Bila idadi, akasema mwenyekiti, ombi linarudi.

Nilikuwa nimeshika kiti ili nisimame. Kirezi akanitangulia. Baba yangu hawahesabu, akasema, lakini anamjua kila mmoja. Akamgeukia: 'Papa, wataje.'

'Gaju,' akasema Niyibizi, kwa sauti ndogo. 'Bihogo. Gitare.' Kirezi anawaeleza wajumbe kila mmoja ni yupi: wa pembe iliyovunjika, mama wa pacha, yule anayeruka uzio. Watu wanacheka. Karani anapiga kijistari kwa kila jina. Hesabu ni yake, si yetu!

Mwenyekiti ametazama saa. Sasa amevua miwani, anasikiliza. Karani amegeuza ukurasa. Niyibizi ameinua kichwa, sauti imepanda, na zizi bado halijaisha —