Saa ya Mzee Shamte na Ukurasa Uliofungia Karanga

Mpendwa Mama Isabela, shikamoo. Naomba msaada wako upesi, maana posa yangu inaning'inia na aliyeining'iniza ni mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Mimi ni fundi saa hapa Newala sokoni, nina meza na lenzi niliyorithi kwa marehemu baba, na tangu biashara ifunguliwe na vitu vya Dubai vijae kila kibanda, kazi yangu kubwa si kutengeneza tena bali kuulizwa, fundi, hii halisi au feki, na mimi najibu, na watu wanaamini, na nakiri kwamba kuaminiwa kule kulinilevya.

Mwezi wa kwanza nilikwenda Masasi kununua betri, na pale stendi kuna mama anauza karanga, anazifungia kwa kurasa za vitabu vya mtumba, nikaona kitabu cha Kiingereza kimebaki nusu mikononi mwake, picha za saa tupu, mwongozo wa watu wanaokusanya saa za kale za wapiga mbizi, zile za Uswisi za bei ya shamba zima la mikorosho, nikamwomba aniuzie kilichobaki. Nilikisoma kwa kamusi usiku na mchana, nikajua mishale yake, nikajua lile duara la nje linalozungushwa ili mpiga mbizi ajue amebakiwa na dakika ngapi chini ya maji. Najua utacheka, Newala iko juu ya mlima na bahari wengi wetu tunaiona kwenye kalenda, lakini nilizijua saa za kuzamia kuliko hao wanaozama.

Sasa mchumba wangu ni Somoe, binti wa Mzee Shamte wa Mkunya, posa ilishapokelewa na mjomba wake, ambaye kwetu ndiye mwenye neno, na arusi tukapanga iwe mwezi wa tano. Idi Pili nikaalikwa pilau. Mzee Shamte ana saa moja nzito ya chuma, uso mweusi, haina jina lolote, na kila Idi husimulia habari yake, kwamba ujanani alifanya kazi Mtwara wakati bandari inajengwa, akimshikia kamba mpiga mbizi mmoja Mgiriki, na siku moja kamba ikavutwa kwa namna asiyoizoea, akamtoa mtu yule majini kabla hajafa, Mgiriki akavua saa yake akamvika. Akaisimulia, wageni wakafurahi kama kawaida yao, kisha akaninyooshea mkono akasema, "Haya mkwe, wewe ndiye bingwa. Waambie hawa."

Mama, ningesema "Mashaallah, baba" pilau ingeendelea. Mimi nikatoa lenzi, nikatoa na kitabu mkobani, nikasoma mbele ya watu kumi na tano kwamba saa halisi ya aina ile lazima iwe na jina la kiwanda usoni, nikasema, "Baba, samahani, hii ni feki." Mzee hakugomba. Aliivua, akaitia mfukoni mwa kanzu, akawaambia wageni waendelee kula.

Nikapeleka saa mpya ya rangi ya dhahabu kumfuta machozi, mjomba akanirudishia pamoja na salamu: "Shemeji yangu anasema fundi asubiri kwanza, atafute kitabu cha kupimia mabinti, asije akaozwa feki." Nikamfuata Somoe, naye akaniambia, "Hukuiita saa feki, Mujibu. Ulimwita baba mwongo. Na tangu siku ile hajasimulia tena, hata wajukuu wakimwomba."

Sasa sikiliza maajabu. Juzi nimerudi Masasi, nimenunua karanga kwa mama yule yule, nimekula, nimekunjua karatasi, ni ukurasa wa kitabu changu, mmoja wa zile alizokwisha kuzichana kabla sijakinunua! Unaendelea palepale nilipoishia kuwasomea wageni, na unaanza kwa neno "isipokuwa". Isipokuwa zile zilizoagizwa na makampuni ya bandari, hizo usoni hazina kitu, jina limeandikwa ndani ya mfuniko wa nyuma, na zimebaki chache mno duniani. Nilisimama pale stendi jasho linanitoka, maana mfuniko wa saa ya mzee sikuufungua.

Rafiki yangu Optatus anasema ninyamaze, nimwambie mzee anipe hiyo feki nikamtupie, kisha nitafute mnunuzi Dar es Salaam. Nisikufiche, Mama, wazo lile lilinikaa tamu siku mbili nzima. Nimeliacha. Lakini nifanye nini? Nikimpelekea ukurasa atasema kitabu changu kina ndimi mbili, na nikinyamaza namkosa Somoe, na bila Somoe sijui mimi ni fundi wa nini.

Mimi Mujibu, Newala. (Jina la baba usiliandike gazetini, watu wananijua.)

*

Marahaba, Mujibu. Jina la baba yako sikuliandika, ingawa kwa watu kumi na tano waliokula pilau ile sidhani kama umejificha.

Nimecheka, sikatai. Nilifundisha Lisekese, hapo hapo Masasi, miaka minne, na karanga nilizokula pale zilifungiwa kwa kitabu cha hesabu cha darasa langu mwenyewe, kwa hiyo najua kurasa zinavyosafiri. Kisha nikaacha kucheka. Fundi mzima, bisibisi zimo mkobani, na hukufungua mfuniko! Mteja akikuletea saa iliyosimama, unaisomea kitabu au unaifungua? Marehemu aliyekuachia lenzi hiyo angekuuliza hilo tu, halafu angekunyang'anya. Ulikuwa na kitabu nusu ukatoa hukumu nzima.

Na huyo Optatus kaa naye mbali kidogo, angalau hadi arusi. Ulishachukua heshima ya mzee, halafu urudi kuchukua na saa? Umesema wazo hilo umeliacha. Nakuamini, na uone jinsi ninavyokuamini bila kukufungua mfuniko.

Sasa fanya hivi. Anza kwa mjomba. Mwambie umekosa, mwombe akufikishe Mkunya, na wageni wale wale waitwe, hata ikikubidi mchele na nyama ununue wewe. Aibu uliyoipika hadharani huwezi kuila chumbani. Kitabu na ukurasa wako viache Newala. Ndiyo, viache! Ukienda navyo, mzee atajua umekuja kwa sababu karatasi imekupa ruhusa. Hebu niambie, kama juzi mama yule angekufungia karanga kwa gazeti, ungekuwa hudaiwi samahani? Kitabu hakikuwepo Mtwara. Mzee Shamte alikuwepo. Hata kama Mgiriki mwenyewe aliuziwa feki, mtu alitolewa majini, na aliyemtoa ulimwambia mbele ya majirani zake kwamba anaota.

Keti chini useme, "Baba, ulinipa habari ya maisha yako, nami nikaipima kwa lenzi. Nimekosa." Kisha nyamaza. Najua hapo ndipo patakapokuwa pagumu kwako, lakini nyamaza. Akikuambia ufungue mfuniko, fungua, na utakachokikuta kiseme, kizuri au kibaya. Asipokuambia, usiuguse, wala usimwulize tena maisha yako yote. Mwombe tu akusimulie upya, usikilize hadi mwisho.

Habari ya arusi usiitaje siku hiyo. Unadhani mzee amekasirikia saa? Mzee anamfikiria bintiye. Huko kwenu maji ni ya foleni, Mujibu. Iko siku Somoe atatoka na ndoo asubuhi, atarudi jua limezama, akuambie foleni ilikuwa ndefu. Siku hiyo hutakuwa na kitabu wala ukurasa. Utakuwa na neno lake tu, na baba yake anataka kujua kama litakutosha.