Bibi Alipojibu Swali la Manjano

Tukuyu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua maumivu na Baba anakula vizuri. Mimi mzima, ila huku siyo Tanga; mvua haipumziki, nguo hukaa kambani siku nne na bado mbichi.

Mama, barua iliyopita nilikuficha jambo. Nilikuwa nataka kuiacha kazi hii ya kuandikisha watoto wenye mtindio wa ubongo, wale walioumia ubongo wakiwa wachanga, viungo vikakakamaa. Habari zao tunaziweka kwenye rejista moja ili watafiti wajue chanzo na namna ya kuwasaidia.

Kule kijijini Lufingo nilifika kwa mama kijana, Subilaga. Mwanawe Lugano ana miaka minne na hakai bila kuegemezwa. Aliyenipokea ni mama mkwe wake.

"Majina ya watoto mnakwenda kuyauza wapi?"

Nikamweleza kuwa watafiti huona namba tu, jina hawalioni, na familia ikikataa naondoka kwa amani. Subilaga akakubali.

Nikauliza, alilia alipozaliwa? Alilia. Alipata manjano ya ngozi?

"Siku ya nne," akasema. "Mpaka macho. Akaacha kunyonya, ikaja degedege."

Bibi yake Lugano alikuwa anamenya ndizi pembeni. Miaka yote amekuwa akimsema mkwewe kwamba mtoto yule ni laana iliyotoka kwao Subilaga. Kisu kikasimama.

"Mimi ndiye niliyekataza hospitali," akasema. "Nilisema tumwoteshe jua, yataisha."

Nikamwambia mimi si daktari, na kwamba asijilaumu, hakufundishwa na mtu. Akainuka, akaingia migombani.

Wiki mbili sikupata raha, Mama. Nilidhani nimevunja nyumba ya watu kwa swali la fomu.

Jumanne, siku ya kliniki hapa Tukuyu, nikawaona. Bibi ndiye aliyembeba Lugano mgongoni! Daktari alishawaeleza kwamba ni manjano yale yaliyomdhuru, hakuna laana. Subilaga akanivuta kando.

"Dada, alinipigia magoti. Mama mkwe, kunipigia magoti mimi!"

Anacheka, machozi yanamtoka. Nami nikalia palepale kwenye foleni, watu wanatutazama. Lugano ameanza mazoezi ya viungo, na fundi amempima kiti cha kumwegemeza. Bibi aliponiona akasema tu, "Ndaga fijo," yaani asante sana, akanishika mkono hakuuachia.

Siachi kazi tena. Habari ya manjano imejirudia kwa watoto wengi wa rejista, na sasa wauguzi wanawaeleza wazazi dalili zake kabla hawajatoka wodini.

Nisalimie Baba, shangazi Mwanahawa anayekukandia goti, na kaka Hamisi na cherehani yake. Dada Zuhura, kwa kuwa siku zake za kujifungua zimekaribia, mwambie mtoto akizaliwa amtazame macho kila asubuhi kwenye mwanga. Akiona manjano amkimbize hospitali, asimsikilize mtu wa kumwambia asubiri. Hata akiwa wewe, Mama.

Nakubusu mikono,
binti yako Mwanaidi