Taa ya Kijani Juu ya Mlango Wetu

Jumanne, Kavimvira, hapa Uvira. Mvua hakuna, upepo hakuna. Ziwa limetulia kabisa, na bado linapanda.

Nina wiki chache tu za ndoa. Nikimsikia mume wangu akikohoa uani, natabasamu peke yangu. Bahati alijenga nyumba hii kwa mikono yake kabla ya kunioa. Kisha, ili nilale bila hofu, akafunga kihisi cha maji kwenye ukuta wa nyuma, akakiunganisha na kompyuta ndogo ya aina iitwayo RISC-V, kadi moja isiyozidi kiganja changu. Ndani yake mna programu moja tu, aliyoiandika mwenyewe. Umeme ukirudi, inaanza bila kuguswa: inapima maji, inalinganisha na kikomo, inawasha taa juu ya mlango wa chumba chetu. Kijani, tulale. Nyekundu, tuhame.

Kikomo chenyewe alikiita ALINE. Jina langu.

"Hapa njo mwisho," aliniambia siku aliyonifundisha kuisoma programu. "Maji isipite hapa ikuguse."

Nani mwingine katika Uvira nzima amependwa hivyo?

Leo asubuhi jirani yetu, Mama Zawadi, alipita na godoro kichwani, kitenge kimelowa mpaka magotini.

"Bibi-arusi, mashini yenu iko inasema nini?"

"Iko kijani, mama."

"Basi ije iangalie miguu yangu."

Nilicheka. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba. Maji yalikuwa yameshafika kwenye mafiga ya jikoni.

Nilidhani kihisi kimekufa. Nikafungua laptopu ya Bahati kama alivyonionyesha. Kihisi kilikuwa kinapima vizuri. Kilichobadilika ni ALINE: sentimita thelathini zilikuwa zimekuwa sitini.

Aliporudi sikugomba. Niliuliza tu. Alikaa kwenye kitanda chetu, akayatazama matofali yake.

"Miye njo nilipandisha," alisema. "Kila mara ilitaka kuwa nyekundu, nikapandisha kidogo. Nitakupeleka wapi, cheri? Kwa dada yangu, ulale chini mu saloni yao?"

Kumbe maji yalipokuwa yanapanda, na jina langu lilikuwa linapandishwa, ili tubaki.

Sijawahi kumpenda kama saa ile. Wala kuumia hivyo.

Nilikaa karibu naye, nikaandika thelathini. Yeye mwenyewe akaituma programu kwenye kadi. Taa ilizimika, kisha ikawaka nyekundu papo hapo, na chumba chote, hadi pazia la harusi aliloshona mama yangu, kikawa chekundu.

Bahati alianza kufungua kitanda, boliti moja baada ya nyingine. Mimi nilizishika mkononi zisipotee.

Kesho tunapanda mlimani kwa dada yake. Kadi tutaitoa mwisho kabisa, nitaibeba mwenyewe ndani ya kitenge. Lakini huko juu, mbali na maji, jina langu litakuwa kikomo cha nini?