Kioo cha Upande wa Dereva

Homayra, mke wangu,

Ukirudi kutoka kuoka mikate, ficha ufunguo wa gari. Yama asiende Kabul leo, hata akinuna. Mwanao ana kichwa kigumu kama wajomba zake, mimi simo.

Kioo cha dereva kinashuka vizuri, kupanda kinajikokota, na asubuhi hii kimekwama nusu. Fyuzi ni nzima. Swichi nimeibadilisha na ya mlango wa pili, mambo ni yale yale. Nikabandua bamba la ndani la mlango: reli za kioo zina kutu na barafu imeganda ndani. Ni maji ya mama yangu. Kila Yama akisafiri, mama humwaga bakuli la maji nyuma ya gari ili arudi salama. Tangu macho yake yafifie, anamwaga kiooni. ~~Mwambie aache.~~ Usimwambie, atalia.

Lakini kuingia handaki la Salang, kwenye njia ya Kabul, na kioo wazi ni kuvuta moshi wa malori mpaka usingizi ukuchukue. Unakumbuka mtoto wa jirani alivyotolewa mle, utadhani amelala tu.

Naenda sokoni kutafuta grisi.

Nimerudi, duka limefungwa. Gari halipo uani. Simu ya Yama inaita chini ya mto wake. Nakodi teksi nimfuate. Mpigie kaka yako anayeishi Doshi amzuie barabarani, kabla hajafika handakini.

Mama yuko langoni na bakuli lake, anatabasamu. Anasema leo, kwa sababu ya theluji, amemmwagia mara mbili.

Baba Yama